Maneno Matano ya Kuondoka

Kule Langas, mahali lami inapochoka na kugeuka vumbi, kuna benchi la mbao mbele ya kibanda cha Irungu, fundi wa viatu ambaye mtaa mzima humwita Gundi. Ukutani kwake viatu vya wakimbiaji huning'inia kwa kamba zao, soli zikingoja kubandikwa. Mbele yake, kila siku kuanzia saa mbili asubuhi, huketi watu wawili na vikombe vyao vya kahawa ya tangawizi. Mmoja ni Gerishon, aitwaye Transita, aliyewahi kuendesha lori hadi Juba na tangu hapo hakuna lugha asiyodai kuijua. Wa pili ni Kipyego, aitwaye Wa Nne, kwa sababu aliwahi kumaliza wa nne katika mbio za barabarani, na hadi leo anaeleza kwa nini wale watatu hawakustahili. Asubuhi hiyo Irungu hakuwa amegusa kiatu hata kimoja. Alikuwa ameshika karatasi.

— Nimeipata kwa mfuko wa aproni ya Jebet, alisema. Nilikuwa natafuta kiberiti.

— Kiberiti kwa aproni? Wa Nne akacheka. Sema tu ulikuwa unapekua, buda.

Irungu hakukana. Jebet, mkewe kwa miaka mitatu, alikuwa mpishi katika kambi ya wakimbiaji huko Kaptagat, na kwa wiki sita sasa kambini mlikuwa na mkimbiaji kutoka Pakistani. Mwanzoni Irungu hakujali. Hata viatu vya huyo mgeni alivibandika yeye mwenyewe, tena kwa gundi ile nzuri. Lakini juzi kuku wa jirani aliingia jikoni, na Jebet akamwambia, "Chalo!" Kuku akatoka. Irungu alibaki ameshika sahani, akijiuliza ni lini mkewe na kuku walianza kuelewana kwa lugha asiyoijua.

— Hebu soma, Transita akasema.

Irungu akasoma polepole, kama mtu anayesomewa hukumu. Upande wa kushoto palikuwa na Kiingereza, kwa mwandiko wa Jebet wa mviringo: set off, leave, let's go, see off, set sail. Upande wa kulia, kwa kalamu nyingine na mwandiko ulioinama, palikuwa na Kiurdu: rawana hona, nikalna, chalo, rukhsat karna, langar uthana. Maneno hayakumchoma. Kilichomchoma ni ile mistari midogo iliyounganisha pande mbili, mkono mmoja ukianza na mwingine ukimalizia. Ili kuandika hivyo, watu wawili lazima wakae kwa benchi moja.

— Na huyo jamaa anarudi kwao Jumamosi, Irungu aliongeza. Sasa maneno ya kuondoka ni ya nini? Nani anaondoka? Nampigia Jebet saa hii. Kazi ya kambi aache leo leo.

— Ngoja, usipige bila ushahidi, Transita akasema, akaichukua karatasi na kuisogeza mbali na macho. Anza na hii "set off". Off si ni ofu, siku ya kupumzika kazini? Amepangiwa ofu. Na hii ingine, "see off", maana yake wanaonana siku ya ofu.

— Lakini Jumapili aliniambia hakuna ofu!

— Si ndio hapo sasa.

Irungu akanywa kahawa ambayo haikuwa yake. Wa Nne akakitazama kikombe chake kikiondoka.

— Hebu mimi, Wa Nne akasema, akiinama juu ya karatasi. Hii "rukhsat". Hiyo si ni ruhusa tu, wameiharibu kidogo? Mke wako ameomba ruhusa.

— Kwa nani?

— Si imeandikwa? "Karna." Kwa karani.

— Karani gani?

Wa Nne akashusha sauti.

— Kuna karani mmoja tu ambaye bibi ya mtu humwomba ruhusa akiwa na mwanaume mwingine, Gundi. Yule wa kuandikisha ndoa.

— Lakini Jebet ameolewa!

— Mliandikisha?

Irungu akahesabu kwa vidole. Walipeleka watu kwa kina Jebet, walikula, walipiga picha. Kwa karani hawakuwahi kufika. Kila mwaka Jebet alikumbusha, na kila mwaka Irungu alisema viatu vimejaa.

— Acheni mambo ya karani, Transita akasema kwa wivu, maana tafsiri ya mwenzake ilikuwa imepita yake. Ushahidi mkubwa uko hapa mwisho. "Langar uthana." Langar! Hiyo ni Langas, huyo jamaa hajui tu kuiandika. Na "uthana" ni kuhama. Mimi nimeisikia huko kwa mpaka, madereva wa matrela walikuwa wanaisema kila siku. Uthana, uthana. Jumamosi mtu anahama Langas.

— Na "set sail" je? Wa Nne akauliza. Hiyo si ni mambo ya meli?

— Wataenda na meli.

— Kutoka Kaptagat?

— Mapenzi, Wa Nne. Mapenzi hayaulizi maji iko wapi.

Hakuna aliyecheka. Irungu aliiona meli hiyo ikipasua katikati ya miti ya Kaptagat, Jebet amesimama mbele na aproni yake, na mwanamume mwenye viatu vilivyobandikwa vizuri akimshikia sufuria. Akatoa simu. Akaanza kutafuta jina.

— Fundi ni nani hapa?

Alikuwa mama mmoja ambaye hawakumjua, leso begani, kiatu kimoja mkononi na soli yake inachekelea. Alisema anaitwa Mama Waceke, ametoka Kesses kumwona binti yake, na kiatu kimemuachia njiani.

— Keti, Mama, Irungu akasema. Nampigia bibi yangu kidogo.

— Anatorokea Pakistani, Transita akamfafanulia.

— Na meli, Wa Nne akasema.

Mama Waceke aliketi. Akaomba asomewe hiyo karatasi, kwa sababu miwani ameiacha. Transita akamsomea yote, Kiingereza na Kiurdu, pamoja na ofu, karani na Langas. Mama akasikiliza hadi mwisho. Irungu alikuwa amelipata jina la Jebet, na simu ilikuwa imeanza kuita.

— Kwa hivyo haya yote ni maneno ya mtu akitoka, Mama alisema.

— Yote matano, Mama.

— Na nyinyi mkitoka asubuhi, mabibi zenu mnawaambia neno gani?

Simu iliita.

— Mimi hupiga honi, Transita akasema.

— Uko na gari?

— Nilikuwa nayo.

Wa Nne alikuna kidevu. Alisema yeye huenda mazoezini mapema sana, kisha akakumbuka kwamba aliacha mazoezi miaka minane iliyopita. Mama Waceke akamgeukia Irungu, si kwa ubaya, bali kama mtu anayetaka kujua bei. Irungu alitafuta. Alitafuta jana, akatafuta juzi, akarudi nyuma hadi mwezi wa harusi. Aliona mkono wake ukishika komeo, aliona mgongo wake mwenyewe ukitoka. Neno hakuliona.

— Haloo? sauti ya Jebet ikasema. Nyuma yake sufuria ziligongana. Irungu? Kuna nini?

Benchi zima lilimtazama. Maneno aliyokuwa ameyapanga, kazi, aache, leo leo, yalikuwa hapo mdomoni, tayari.

— Nimetoka, Irungu akasema.

— Umetoka wapi?

— Nyumbani. Asubuhi. Saa kumi na mbili. Sikukuambia.

Sufuria zilinyamaza.

— Najua, Jebet akasema. Nilisikia mlango.