Msimpe Mzee Wabwile Kiti

Tarehe 31 Desemba 1998, baada ya miaka kumi na minane ya kuwainua watu vitandani, Mzee Joram Wabwile anavua koti lake jeupe na kustaafu. Alianza nasi Bungoma mwaka wa 1980, akahamishiwa hapa Kitale misheni ilipofungua wodi ya mifupa, na hajawahi kuomba kuondoka. Kazi yake rasmi ni mazoezi ya viungo. Wagonjwa humwita Mzee Simama, na wengine humwita majina ambayo jarida la wafanyakazi haliwezi kuyachapisha.

Mhariri ameniomba niandike kwa furaha. Nitajaribu. Lakini mimi Peris ni muuguzi wa wodi hiyo hiyo, na anayetaka habari tamu za nyonga zilizovunjika akaulize kwingine.

Vijana walioajiriwa juzi hawajui tulikotoka. Zamani mzee akianguka akavunjika nyonga, tulimlaza chali, tukamfunga mguu kwa kamba yenye matofali, tukangoja miezi mitatu. Mfupa ulishika au haukushika, lakini mgongo ulioza na kifua kikajaa, na wengi walitoka kwa mlango wa nyuma. Ndipo daktari wa upasuaji akaanza kuja kila mwezi kutoka Eldoret na misumari yake ya kuunga mifupa. Siku hiyo tuliimba. Tulidhani shida imekwisha, kumbe ndiyo kwanza mkoko unaalika maua.

Kwa sababu msumari hautembei. Anayetembea ni mtu, na Mzee Wabwile alitaka mtu asimame siku ya pili baada ya kupasuliwa, hata kama analia, hata kama anatukana. Mbinu yake ilikuwa chai ya saa nne. Aliiweka mlangoni, mwisho kabisa wa wodi, na asiyeifuata hakunywa. Mzee Kipruto wa Kapsokwony alisema atamshtaki kwa chifu kwa kumnyima mgonjwa chai. Hakumshtaki. Alitoka kitandani na magongo yake, akaitukana ile chai hatua kwa hatua, na alipoifikia ilikuwa imepoa, naye akadai nyingine ya moto. Wodi nzima ilicheka, hata waliokuwa bado na nyuzi.

Mzee Kipruto alirudi kwao kwa miguu yake. Mzee Wabwile alikuwa na desturi ya kuwafuata wagonjwa nyumbani, Ndalu, Moi's Bridge, popote baiskeli ilipofika, na alipopanda Kapsokwony baada ya mvua alionyeshwa kaburi. Wana wa marehemu walikuwa watu wazuri, na hilo ndilo linaloniuma. Walimnunulia baba yao godoro jipya, wakamlaza karibu na moto, wakamkataza hata kwenda chooni mwenyewe, maana majirani wangesema nini wakimwona mzee anahangaika na magongo ilhali ana wana? Walimheshimu mpaka kifua kikajaa. Hayo tuliyaona mara nyingi mno. Mfupa unapona, mwenye mfupa anakufa.

Halafu ukaja mwaka wa 1986. Mama Rahab, mama mkwe wa Mzee Wabwile, mzazi wa mkewe Nasambu, aliteleza akiteka maji Ndalu, akaletwa kwetu na nyonga imevunjika. Daktari alimpasua, na kazi ilikuwa safi. Wabukusu wenzangu hawahitaji kuelezwa, lakini wengine nawaeleza: kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, na mkwe kuona kitanda cha mama mkwe ni aibu isiyo na dawa. Basi katika hospitali nzima mtu mmoja tu ndiye aliyejua kumwinua, na huyo ndiye asiyeruhusiwa kumgusa.

Alijaribu, jamani. Alisimama nyuma ya pazia akimwelekeza Jerop, msaidizi wetu, kwa sauti tu: shika hapa, mguu huu utangulie. Lakini Mama Rahab akiisikia sauti ya mkwewe alijifunika blanketi gubigubi. Angewezaje kuugulia maumivu mkwe akisikia? Na Mzee akinyamaza, Jerop peke yake hakujua aanzie wapi. Wazee wa koo zote mbili wakaulizwa. Wakasema mwiko huo unaweza kulegezwa, kwa mbuzi na kikao, ila kikao kingoje mavuno kwa kuwa watu wako shambani. Mahindi hayakuwa yamekauka wakati nimonia ilipomchukua. Picha yake ya mwisho ya eksirei naikumbuka hadi leo: msumari umekaa sawasawa, mfupa umeanza kushikana. Daktari aliisifu sana.

Mazishini Nasambu hakupiga mayowe. Alimwambia mumewe neno moja tu, na sisi tuliokuwa karibu tulilisikia.

“Baba Sifuna, ungemshika tu.”

Tangu hapo Mzee akawa mkali. Hakuna mgonjwa aliyetoka kabla jamaa zake hawajaketishwa wakaambiwa kwamba kitanda ni jeneza lisilo na kifuniko. Waliitikia vizuri, wakashukuru, wakapitia mjini kununua godoro. Wapo waliomsikiliza. Huwaona sokoni, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, kikapu mkononi, wakibishania bei ya sukuma wiki. Hao ni matunda ya kazi yake na ninajivunia kila mmoja wao, lakini ukweli usemwe, hawawezi kujaza wodi moja.

Mwaka huu, mwezi wa Oktoba, Nasambu mwenyewe alianguka kutoka kwenye ngazi ya ghala la mahindi. Nyonga, upande ule ule wa mamake. Safari hii hapakuwa na mwiko wowote. Siku ya pili baada ya upasuaji Mzee Wabwile alimshika mkewe kwa mikono miwili, na kila asubuhi tangu hapo, na chai akaiweka mlangoni kama kawaida. Nasambu hajaifikia. Msumari umehama, mfupa umekataa, na daktari amesema hatampasua tena. Juma lililopita aliruhusiwa kwenda nyumbani. Nimeona mengi katika wodi hii, lakini sijaona kitu kilichonivunja moyo kama kumtazama mzee huyo akirudisha jikoni kikombe kilichojaa.

Kamati ya kumuaga ilikuwa imemwagizia kiti kikubwa cha mito kwa fundi wa mjini, kama tunavyowapa wastaafu wetu wote. Alipopata habari alikwenda mwenyewe kwa Abdirashid wa stoo, katibu wa kamati, akavua kofia.

“Asanteni sana,” alisema, “lakini msinipe kitu cha kukalia. Nipeni kile cha kusimamia.”

Alikuwa akionyesha fremu ya chuma ya kujifunzia kutembea wodini, ile kuukuu, ambayo kila mtu tuliyewahi kumwinua aliishika. Kiti sasa kiko katika chumba cha wauguzi, na tayari watu wanakigombania.

Mzee Wabwile, tunakushukuru kwa kila uliyemsimamisha, waliofika sokoni na walioishia kando ya moto. Fremu ni yako, na imewekwa mipira mipya miguuni. Hatutakudanganya, maana wewe ndiye uliyetufundisha kuzisoma picha za eksirei, na ya mkeo Mama Sifuna sote tumeiona. Nenda nyumbani salama, na maisha yawe mema kwenu kadiri yatakavyokubali. Asubuhi chai ikiwa tayari, mshike tu.