Uso wa Angélique

Jumapili, tarehe 12 Februari 1956, saa mbili asubuhi, Nicolas aligeuka kutoka kwenye komunyo, na baba yake, Zéphirin, hakumwona tena Angélique usoni mwake. Watoto hao walikuwa mapacha. Angélique alifariki kwa homa akiwa na miaka kumi na mmoja, bila kupigwa picha hata moja. Kwa miaka minne Zéphirin alikuwa akimtazama binti yake katika uso wa kaka yake. Sasa taya lilikuwa limerefuka, pua imepanda, mfupa wa juu ya macho umetokeza. Baada ya misa alikwenda kwa Yakubu, muuza kahawa, ambako wavuvi wa maporomoko hukalia mtumbwi mkuukuu uliopinduliwa. Akatamka neno moja: Nicolas hatapanda tena kwenye miti ya mitego, ile iliyosimikwa katikati ya maporomoko.

— Sababu gani, papa Zéphirin? akauliza Yakubu.

— Ile kamba. Inamuharibia uso.

Wote wakaelewa. Mvuvi akipanda, mikono hushika miti, na kamba ya mtego huibana kwa meno.

— Ni kweli, akasema Capita, aliyeitwa hivyo, yaani msimamizi, kwa kuamrisha watu wasio wake. Kamba inavuta taya. Wamama hawapandi, donc sura yao inabaki laini.

— Hapana, ni sauti, akasema Moto-Moto, ambaye hunywa kahawa ikichemka. Sauti ya mwanaume inakuwa kubwa, inatafuta nyumba kubwa. Mudomo inapanuka, pua inafuata.

— Na wewe unayesema mchana kutwa, mbona kichwa yako iko kidogo? akauliza Capita.

Wakacheka. Zéphirin hakucheka.

— Bon, na Arthur tailleur, yule mshona nguo? akauliza Yakubu. Hajabana kamba hata siku moja, na taya yake iko kama ya kiboko.

— Anabana sindano! akasema Capita.

— Mimi naona kwangu, akasema Yakubu. Binti yangu Nyota alianza kubadilika mbele ya mdogo wake, polepole, halafu akatulia. Mdogo, ni mwanaume, alichelewa, lakini mpaka leo uso wake haijasimama.

Mama Marceline, aliyefika kutoka Yanonge na kapu la samaki wa moshi, alikuwa akisikiliza. Akatua kapu chini.

— Papa, Angélique kama angekuwa hapa leo, angekuwa na uso gani?

Capita alichungulia kikombe chake. Zéphirin alifumba macho, akajaribu kumkuza binti yake, mwaka kwa mwaka. Hakuweza. Angélique naye angekwisha kuuacha uso ule, tena angetangulia kuuacha.

— Kesho Nicolas atapanda, akasema mwishowe.

Akavua kofia, na wengine wakavua.

— Bwana, umpokee Angélique katika raha yako. Uso wake wa leo mimi siujui. Wewe unauona. Umwangalie kwa ajili yangu, mpaka siku utakaponionyesha. Amina.