Mutembei na Zamu za Maji za Rapsu

Wachungaji, wazee, majirani wa Chechelesi, nanyi ndugu zetu mliotoka Kinna, asalaam aleikum na Bwana asifiwe. Familia inawasomea maisha ya marehemu mzee Mutembei kama mwenyewe alivyoagiza, bila kuficha alichokijutia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Isiolo, kitinda mimba wa nyumba yao, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1976, kisha akajifunza uashi, na nyumba nyingi za mawe mnazozipita mkienda sokoni ni kazi ya mikono yake. Tarehe 10 Desemba 1988 alifunga ndoa na Jemimah, wakajaliwa Wanja na Ndegwa, na mwaka 1999 akautundika mwiko wake, wakaenda kulima vitunguu Rapsu, upande wa Kinna, kwenye mashamba yanayonyweshwa kwa mfereji.

Huko alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya mfereji, na mwaka 2009 ni yeye aliyependekeza kwamba zamu ya maji iwe ya mwanamume wa boma, na mwanamke asiguse lango la kufungulia maji, eti ugomvi ungezidi, nao wanaume wakapiga makofi, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba sheria ile ingemfunga hata yeye. Miaka miwili baadaye jirani yake Waqo akafariki, zamu yake ikagawiwa wengine, na mjane wake, Qabale, akatazama vitunguu vikinyauka kando ya maji yanayopita, hata akarudi mjini kuuza maziwa. Sehemu ya maji yale iliingia shambani mwa marehemu, naye alivuna vizuri msimu ule, na tangu hapo, kila alipomwona Qabale sokoni, alibadilisha njia.

Februari 2025 alishikwa na nimonia, daktari akamwamuru alale, lakini zamu ikafika, Ndegwa akiwa mbali kikazi, na Jemimah, mwenye nguvu na ujuzi wa kulifungua lango lile, alikuwa amekatazwa kwa sheria ya mumewe mwenyewe. Marehemu akaamka, akaingia mferejini kifua kikikoroma, akatoka humo amebebwa, akaletwa hapa Isiolo kutibiwa. Kitandani ndipo alipoona kwamba alipomnyima mkewe lango, alijinyima yeye kitanda, na kwamba kamba aliyowasokotea wanawake ncha yake ya pili ilikuwa shingoni mwake.

Alimwita Qabale, akamwomba radhi huku akilia, naye akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Baba Wanja, nimesikia. Lakini samahani hainyweshi vitunguu. Ita kamati."

Kamati ikaja kando ya kitanda chake tarehe 22 Machi. Guleid, rafiki yake wa miaka mingi, akamtania kwamba dawa za hospitali zimemgeuza mwanamke, wenzake wakacheka, marehemu naye akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Guleid, wewe una sukari. Siku miguu ikikataa, nani atakufungulia maji?" Guleid akawa wa kwanza kuinua mkono, sheria ikafutwa, na Qabale akarudishiwa zamu ya Waqo.

Tarehe 29 Machi ilikuwa zamu ya kwanza ya Jemimah, ikifuatwa na ya Qabale, naye Jemimah hakutaka kumwacha mgonjwa wake, lakini marehemu akamsihi aende, akisema hana dawa nyingine ya moyo wake, na saa nne asubuhi, mkewe akiwa langoni Rapsu na maji yakiingia shambani kwa Qabale, marehemu alifariki hapa Isiolo mikononi mwa bintiye Wanja. Mama Wanja amejilaumu tangu siku ile, na familia inamwambia mbele yenu kwamba hakumtoroka mumewe, alikwenda alikotumwa, na lawama iliyokuwapo, marehemu alikwisha kuibeba mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, wanakamati wa mfereji, waashi wenzake wa zamani, na Qabale, ambaye tangu msiba huu uanze ameleta maziwa ya chai ya waombolezaji.

Mzee Mutembei, sasa lala, langoni kuna mtu. Pumzika kwa amani.