Mzee Nani-Zaidi na Mashine Iliyomkatiza

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Uliye jikoni, punguza moto kidogo usikie vizuri. Leo tunamkumbuka dalali mmoja wa mnada, aliyetutoka mwezi uliopita akiwa nyumbani kwa mwanawe mdogo. Wengi walimwita Mzee Nani-Zaidi, kwa sababu maisha yake yote aliuliza swali hilo moja: nani zaidi?

Alikuwa dalali. Aliuza vitanda, cherehani, na viti vilivyokosa mguu. Siku moja aliletewa kabati lisilo na mlango, watu wakaangua kicheko. Yeye akaligonga ubavuni, akasema, "Hili ni la mtu asiye na siri nyumbani kwake. Yuko hapa?" Wanaume wakatazama chini, wake zao wakawatazama wao. Kabati likapata mwenyewe.

Basi mtu huyo, wasikilizaji wapendwa, ndiye aliyeugua koo. Madaktari waliyaokoa maisha yake, lakini sauti haikurudi. Mikono nayo ilitetemeka, kalamu ikawa inachora michirizi tu. Mwanawe mkubwa akamletea kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika. Mzee anadonoa herufi kwa kidole kimoja, akimaliza anabonyeza, mashine inasema. Sauti iliyokuwamo ilikuwa ya mwanamke kijana. Wazee wenzake walipokuja kumjulia hali wakamwita bibi harusi. Akadonoa kwa subira, wao wakingoja, kisha ile sauti nyororo ikawajibu: "Na sitaki hata mmoja wenu."

Shikeni jambo hili. Mzee alisema kwa mashine, na mashine ilikuwa na joto. Maneno machache iliyaweza. Maneno mengi yaliishinda. Feni inanguruma, chini panachemka kama pasi, halafu kioo kinakuwa cheusi. Katikati ya sentensi.

Nyumbani humo alikuwapo mkamwana wake, mke wa yule mwana mdogo. Mumewe ni dereva wa malori, safari zake ni ndefu. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu watatu: mzee, mkamwana, na mtoto mchanga. Mama huyu alimpikia mzee, akamfulia, akamtandikia. Jioni alimwachia jirani mtoto, akaenda darasani kujifunza ufundi wa kompyuta. Alimpenda baba mkwe wake, ila hakujua kama naye anapendwa. Kwa mtu asiye na sauti, utajuaje?

Siku moja mwana mkubwa alikuja. Akamwuliza baba yake, mbele ya mkamwana, kama anaishi vizuri hapo au ahamie kwake. Mzee akadonoa. Akadonoa muda mrefu, chai ikapoa. Kisha akabonyeza, na mashine ikasema: "Sitaki kuendelea kukaa kwa mkwe wangu..."

Ikazima.

Mzee akakipiga kioo kwa kiganja, akakifunika, akageukia ukutani kwa hasira, na tangu hapo hakuigusa tena mashine. Hakujua kwamba walichosikia wenzake wamekichukua kuwa ndiyo sentensi nzima. Nje ya mlango, shemeji mtu akasema polepole, "Umesikia mwenyewe, shemeji. Usilaumu mtu. Mwisho wa juma nakuja kumchukua."

Mama yule alisimama pale na mtoto mgongoni. Mumewe alipopiga simu alimshauri amwulize mzee. Akamjibu, "Nimwulize nini tena? Nimesikia."

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo palipo kiini cha kumbukumbu hii. Mashine ile ingeachwa mbovu, asingesikia zaidi. Ikitengenezwa, huenda ingemalizia kumwambia kwamba hatakiwi. Na fundi wa pekee nyumbani humo alikuwa yeye.

Alianza kwa aliyoyajua. Akaifungua, akatoa vumbi kwenye feni, akabadilisha ile krimu ya kupitisha joto. Bado ikachemka. Akaenda kwa mwalimu wake wa jioni, naye akamweleza kwamba prosesa, ule ubongo wa mashine, mara nyingi hupewa volteji kubwa kuliko inayohitaji. Waliotengeneza huongeza kidogo ili prosesa zote, hata zilizo dhaifu, zifanye kazi bila wasiwasi. Yeye akaelewa mara moja. Ni kama mama anayemjazia mtoto sahani kwa hofu asije akashinda na njaa. Ile ziada ndiyo inayogeuka joto.

"Ipunguzie," mwalimu akasema, "lakini usiwe na pupa. Shusha kidogo, ijaribu, ndipo ushushe tena."

Adhuhuri, mtoto akiwa amelala, aliketi mezani. Akashusha volteji kidogo kwenye mipangilio ya mashine, akaipa kurasa za masomo yake izisome kwa sauti. Ikasoma, feni ikilalamika. Akashusha tena. Feni ikatulia. Akashusha mara nyingine, na hapo mashine ikaganda, sauti ikakwama kwenye neno moja. Akadhani ameiua. Akaizima, akaiwasha, ikaamka na mipangilio yake ya zamani kama kawaida. Sasa aliujua mpaka. Akarudi nyuma kidogo ya pale ilipoganda, akaiacha isome kurasa zote. Ilisoma mpaka mwisho. Akaweka kiganja chini yake. Vuguvugu tu.

Akaifuta, akampelekea mzee. Akamwambia, "Baba, ile siku ulikatizwa. Malizia. Mimi nipo tayari."

Mzee akaivuta karibu. Kisha akadonoa. Na mashine, bila kunguruma, ikasema:

"Sitaki kuendelea kukaa kwa mkwe wangu kama mgeni. Ananipikia, ananifulia, ananipitia kwa kunyata. Anipe kazi. Na asije mtu akanihamisha."

Mama yule aliketi sakafuni, akalia mpaka mtoto akaamka. Mzee akadonoa tena: "Mbona unalia? Kazi yenyewe si lazima iwe ngumu."

Akapewa kazi. Mchana alimchambulia mchele na mboga. Kabla ya mitihani ya mkamwana, alidonoa maswali kutoka kwenye masomo yake, ile sauti ya bibi harusi ikamhoji. Akikosea, inamwambia, "Rudia." Mwana mkubwa naye alikuwa amekuja mwisho wa juma ule na begi tupu, akaondoka nalo tupu, mzee amempigia porojo mpaka akasahau alichofuata.

Mkamwana alifaulu. Mzee aliishi humo mpaka siku yake, akafariki usingizini baada ya chakula cha mchana, bila maumivu. Mkamwana ametuambia, "Nimelia, ndiyo. Lakini hakuna neno alilobaki nalo. Alikuwa ameyasema yote, hata yale ya kuninyanyasa kuhusu chumvi."

Kwa wanawe wote wawili, kwa mkamwana, na kwa mjukuu: poleni sana. Tunawaombea faraja, na tunafurahi pamoja nanyi kwamba mlimsikia.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, fikirini. Nyumbani kwenu kuna mtu ambaye mmeshamjibu kabla hajamaliza? Labda ana kigugumizi, labda ni mtoto, labda amezeeka. Sisi tunanyamaza hapa. Rudi kwake, umwombe aendelee pale ulipomkatiza.