Dada wa Kaunta ya Mwisho

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa Kinyozi, likitazamana na mlango wa supamaketi. Mimi ni fundi cherehani, lakini jua likishapoa nahamia benchini. Wenzangu ni Kinyozi mwenyewe. Redio, ambaye hazimiki. Na Profesa, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya miwani tu. Jioni hiyo birika lilikuwa bado la moto na habari ilikuwa moja: dada wa kaunta ya mwisho ameitwa ofisini. Kesho ajieleze, la sivyo avue sare.

— Kosa lake nini? — akauliza Profesa.

— Tabia yake ileile, — nikasema. — Nilikuwa kwenye foleni, nikaona kwa macho yangu. Mteja kaja na simu sikioni, anasukuma vitu kwa kiwiko. Dada kaweka mikono juu ya kaunta, katulia, anamtazama kwa upole. Kisha kamwita wa nyuma: "Karibu mama, huyu ndugu bado yuko safarini."

— Weee!

— Kumbe mteja ni mtu mzito. Kapanda ngazi kwa meneja, kafoka mpaka majokofu yakanyamaza.

Redio akapiga paja.

— Yule dada ni chuma! Hata mimi aliniweza. Nilikuwa nagombana na shemeji kwenye simu, nasema, "Rudisha vyote! Sitaki hata kimoja!" Basi akaanza kurudisha sabuni yangu, sukari yangu, mafuta yangu. Foleni nzima hoi kwa kicheko. Tangu hapo nikifika mlangoni simu naizima. Si wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe?

— Jembe linaingiaje hapo?

— Linaingia tu. Simu ni mgeni.

Kinyozi akatikisa kichwa.

— Kichwa chenye simu nakijua mimi. Kinageuka bila taarifa. Nusura nimtoe mtu sikio! Nikatamani kumwambia azime, nikaogopa atahamia kwa jirani. Yule dada haogopi. Namvulia kofia.

— Ni sayansi, — akasema Profesa. — Mtu akiongea na simu, macho yanahamia sikioni. Hamwoni keshia, haoni foleni. Akishalipa anaanza kuuliza mzigo wake uko wapi. Sasa dada anamrudishia macho, tena bure. Yule ni daktari.

— Daktari wapi! — Redio akasimama kabisa. — Yule alikuwa jaji. Kile kimya ni cha mahakamani kile! Katumwa na wakubwa apime adabu ya raia, mtaa kwa mtaa. Kesho atakayehukumiwa ni meneja. Mkataa pema, pabaya panamwita!

Methali hiyo tuliikubali kwa sababu ilisemwa kwa sauti kubwa.

Tulicheka, lakini roho zilituuma. Yule dada akikusalimia, anasubiri jibu. Mama yangu, na miguu yake mibovu, huzipita kaunta zilizo tupu akapange foleni kwake. Ukimuuliza, anasema pale anaonekana. Akiondolewa, sijui nitamwambia nini mama.

Ukingoni mwa benchi alikuwa ameketi mwanamke tusiyemjua, anapumzika na mifuko yake. Akageuka.

— Samahanini kaka zangu. Haya mnayoyasema, meneja mmemwambia?

Redio akachungulia ndani ya birika. Profesa akaanza kufuta miwani iliyokuwa safi.

— Maana yule aliyefoka alipanda ngazi, — akaongeza mwanamke yule. — Nyie zimewashinda?

Kinyozi akatua kikombe, akaning'iniza taulo mlangoni, akavuka barabara na kupanda ngazi za supamaketi. Tukamfuata, Redio akiwa wa mwisho na mdomo kaufunga. Meneja alipotuona tumejaa mlangoni pake, alishusha pumzi.

— Haya, leteni malalamiko.

— Hatuna malalamiko, — akasema Kinyozi. — Tumekuja kumsifu mtu. Dada wa kaunta ya mwisho. Tunaomba abaki, na abaki vilevile alivyo.

Meneja alitutazama mmoja mmoja, kama mtu ambaye hajawahi kuletewa shughuli ya namna hiyo. Kisha akaenda kwenye ngazi, akamwita dada apande.

— Semeni tena, — akatuambia. — Naye asikie.