Utepe wa Mheshimiwa Colangelo

Benchi la nje ya baa ya Nunzia ndilo kituo chetu cha basi, na basi halikuja, barabara ilifungwa kwa sababu Mheshimiwa Colangelo alikuwa anarudi kutoka Brussels kuzindua wodi ya watoto hapa kwetu mlimani, na mimi nimesimama na Tecla wangu begani, kifua kinamlia, hospitali iko bondeni, na wazee watatu wanabishana juu ya kahawa kana kwamba dunia haina haraka.

— Umeya wake ulituchosha, akasema Masharubu. Tukampigia kura aende bungeni Roma. Ili aondoke tu!

— Roma nao wakachoka, akadakia Kardinali, anayeitwa hivyo kwa kuwa kanisani haingii. Wakampa uwaziri wa uvuvi. Mtu wa milimani, samaki anamjua wa kopo!

— Ndipo wakamtupa Bunge la Ulaya, akasema Lori, aliyewahi kufika Brussels kushusha nyanya. Kule kuna jengo zima la watu waliochokwa kwao.

— Muongo wewe!

— Nimeliona! Lina vioo.

— Sasa mbona wanaturudishia?

— Wamemchoka pia. Imebaki tumfanye Papa.

— Papa unamchagua wewe, zuzu?

— Basi apelekwe mwezini!

Wakacheka hadi vikombe vikatikisika. Tecla akakohoa, midomo ikaanza kugeuka rangi nisiyoitaka.

— Ila wodi katuletea, akasema Kardinali. Akiwa meya alikata utepe wa wodi hiyo hiyo, akiwa waziri akaukata, leo anaukata kama mkubwa wa Ulaya. Nani kazindua kama yeye?

— Samahani babu zangu, nikasema, maneno yakinitoka mbio, hiyo wodi ina daktari? Mwanangu hapumui vizuri, kama yupo niambieni nikimbie sasa hivi.

Masharubu akamtazama Kardinali. Kardinali akatazama kikombe. Lori akatafuta kitu mawinguni.

— Binti, akasema Masharubu, akipapasa funguo, ingia garini.

Utepe ulikuwa umekatiza barabara, bendi imejipanga, padri ameshika maji ya baraka, meya mpya anatupungia mikono tusimame.

— Babu, utepe!

— Nauona.

Akakanyaga mafuta.

Kule bondeni daktari alimnyakua Tecla mikononi mwangu, akamwekea kinyago cha hewa, akasubiri mpaka midomo ikarudi rangi yake. Ndipo akachungulia dirishani, akaona gari linavyopepea utepe, akauliza tumetoka harusi ya nani.