Paka Ndani ya Kochi la Bibi

Benchi lile liliegemea ukuta wa mbao wa karakana ya Fundi Makochi, na waliolikalia walikuwa na ugonjwa mmoja: kunyamaza hawakujui. Kulikuwa na Honi, dereva mstaafu wa lori, aliyezoea kupiga kelele kushinda injini, na siku injini ilipozimwa hakuna aliyemwambia. Kulikuwa na Shahidi, fundi bomba, ambaye hakuna jambo lililowahi kutokea duniani yeye asiwepo. Na kulikuwa na Shangazi, muuza kahawa, shangazi wa mtaa mzima, aliyemimina kwa mkono mmoja na kuamua kesi kwa mkono mwingine. Fundi mwenyewe kwa kawaida alishona mlangoni, sindano mkononi, akiwasikiliza na kucheka. Siku ile alijifungia ndani na hakucheka. Katika kochi alilolichukua jana kwa mteja, kati ya springi na gunia, kulikuwa na paka, na paka hakutaka kutoka.

Mambo yalikuwa hivi. Fundi na mwenye mkokoteni walikwenda kulichukua kochi la Bibi mmoja likavishwe kitambaa kipya. Vishindo vya kulitoa sebuleni vilimtia paka kiwewe, akajichomeka kwenye tundu la chini, nao wakabeba kochi na paka wake bila kujua. Usiku kucha Bibi alimwita paka wake mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi Fundi alipolipindua kochi aanze kazi, alichanwa kidole, ndipo akapiga simu kwa Bibi. Walijaribu kulirudisha kama lilivyo, lakini kabla hawajavuka kizingiti paka alichomoa kichwa akitaka kurukia barabarani kwenye magari. Wakalitua haraka, na paka akazama tena. Binti wa Bibi alikuja, akaita kwa majina yote ya mapenzi, hakujibiwa. Akaacha kapu lenye mfuniko, ndani yake shali ya mama yake, pamoja na habari iliyomnyima Fundi raha. Bibi, ambaye siku hizi miguu haimbebi, hajatia kitu mdomoni tangu jana, na dawa zake za presha hazimezwi tumbo likiwa tupu.

"Amesema atakula akipatikana paka wake," binti alisema. "Na mama akisema, amesema."

Basi Fundi akafunga mlango na dirisha, akaweka bakuli la maji na kopo la samaki, akaketi sakafuni kando ya kapu. Benchi nalo, nje ya ukuta, likaanza kumsaidia.

— Keshatoka? Honi aliuliza, kwa sauti iliyowafikia hata wasiohusika.

— Bado, Fundi alijibu kupitia ufa wa mbao. Jamani, punguzeni kidogo.

— Tunapunguza! Honi akanguruma. Hapa tumepunguza!

— Huyo hatoki leo, Shahidi akasema. Mimi nilikuwepo paka alipoingia kwenye bomba la maji taka. Paka mzima, na kitambi chake. Nilimwona akipungua. Kikaenda kichwa, mabega yakajikunja, yakaisha. Paka hana mifupa, jamani. Ana nia tu.

— Nia tu! Shangazi akacheka. Sasa ukimshika mgongo unashika nini?

— Unashika nia yake.

— Ndiyo maana ukimshika asipotaka anakuponyoka, Honi akaunga mkono.

Kule ndani Fundi alitaka kutabasamu akashindwa, kwa sababu jambo lenyewe alikuwa ameliona. Alimulika tochi ndani ya mkono wa kochi, pahali ambapo yeye mwenyewe, aliyefumua makochi tangu ujana wake, angeapa kuwa mkate hauingii. Humo mlikuwa na macho mawili, makubwa, ya manjano, yasiyopepesa. Hakuona mwili. Alijiuliza mwili umewekwa wapi, akasisimka, akazima tochi taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha watu kwa bahati mbaya.

— Nyie mnamwita mwoga, Honi akaendelea. Paka si mwoga. Paka anatukagua. Kuna mmoja alilala kando ya injini ya lori langu safari nzima, milima na mabonde. Nafika, nafungua boneti, naye anashuka, anajinyoosha, ananitazama hivi... kama bosi. Mimi nikampa shikamoo.

— Ukampa shikamoo paka?

— Ungekuwepo ungempa na wewe!

— Nilikuwepo, Shahidi akasema. Nilimpa.

Shangazi aligonga kikombe kwenye birika kuwatuliza, akaongeza makelele mengine.

— Msikilizeni mtu mzima. Huyo paka ana presha kama Bibi. Wamekaa pamoja mpaka wamegawana ugonjwa. Bibi hali kwa sababu ya paka, paka hali kwa sababu ya Bibi. Sasa nani aanze?

Hapo benchi liliguswa, na lilipoguswa ndipo sauti zilipopanda zaidi. Honi alisimama akasema aanze paka, na kwamba paka wote duniani hufuata mlio wa injini. Akaupiga mlio huo kwa mdomo, gia ya kwanza mpaka ya nne, huku akidunda ukuta kwa kiganja. Ndani springi zikalia. Fundi aliona kitambaa kikitikisika kutoka mkono wa kulia wa kochi hadi wa kushoto, kisha kikatulia.

— Honi, ndugu yangu, alisema kwa unyonge, paka alikuwa ameanza kusogea.

— Ameusikia mlio! Honi akashangilia.

Fundi aliegemeza kichwa ukutani. Alikuwa na huruma na yule Bibi asiyemjua vizuri, aliyemwona jana tu akikalia kiti cha mbao, akiwaaga kwa mkono wakiondoka na kochi lake. Aliogopa. Angemwambia nini binti, jioni ikifika?

— Nitawaambieni siri, Shahidi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na mtetemo. Sisi tunakaa tu kwenye nyumba. Anayeishika isitawanyike ni paka. Nilikuwepo familia moja ilipogawa paka wake. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu. Kesho yake tukahesabu viwili.

— Cha tatu kilikwenda wapi?

— Alikwenda nacho paka.

— Shahidi, kunywa kahawa, Shangazi akasema, lakini hakucheka.

— Nyumba ya Bibi haiko kule tena, nawaambia. Iko humu, mgongoni mwetu, ndani ya kochi. Sebule, jiko, kila kitu. Hata hamu yake ya kula imo humu. Atakulaje?

Honi alifungua mdomo ajibu. Wakati huo mtu mmoja alitokea kwenye ngazi za jengo la jirani, mpangaji mpya wa ghorofani ambaye hawajawahi kuzungumza naye. Alivaa ndala, shavu moja lina mikunjo ya mto, na kwenye nywele mlikuwa na unga. Kupitia ufa Fundi alimtambua: ni yule mwoka mikate anayefanya kazi usiku.

— Samahanini wakubwa, mwoka mikate akasema kwa adabu. Nilikuwa nauliza tu. Hapa huwa mnanyamaza saa ngapi?

Honi akamtazama Shahidi. Shahidi, aliyekuwepo kila mahali, akatafuta kumbukumbu ya saa hiyo asiipate. Shangazi alishika birika akasahau kumimina. Mwoka mikate, akisubiri jibu, akajishusha kwenye benchi.

Kimya kilikaa. Kikaendelea kukaa. Fundi alisikia vitu ambavyo hakuwahi kuvisikia katika karakana yake: nzi kwenye kioo, kamba ya pazia ikigusa ukuta, moyo wake mwenyewe.

Kisha tundu la chini ya kochi likatoa mguu mmoja. Mweupe, mdogo. Ukagusa sakafu, ukasita. Ukafuata wa pili, kikafuata kichwa, kisha kitu kirefu cha kijivu kikamiminika kutoka mahali pasipotosha, kikajikusanya, kikawa paka. Fundi hakupumua. Mtu mzima mwenye ndevu, machozi yalimlengalenga, na hakujua kwa nini.

Paka akaliendea bakuli. Sauti ya ulimi wake majini ilisikika mpaka nje, kwani kwenye kila ufa wa ukuta palikuwa sasa na jicho. Akala samaki, si wote. Akanusa kiatu cha Fundi, akanusa kidole alichokichana. Halafu akasimama mbele ya kapu. Pua ikacheza. Akatia kichwa kwenye shali, akaingia mzima, akazunguka mara mbili, akalala huku amefumba macho.

Fundi alishusha mfuniko polepole, akafunga kamba. Akageukia nyufa, akaonyesha kapu, akaweka mkono sikioni: piga simu.

Honi akavua viatu. Akaviacha palepale, akaenda pekupeku kwa vidole, akapita duka la dawa, akapita kona, akatoweka kabisa ili asije akamsumbua paka. Shangazi alimfuata kwa macho, kiganja kimeziba mdomo. Mwoka mikate alikuwa keshalala ameketi, kichwa begani kwa Shahidi, na Shahidi hakuthubutu kujikuna.

Kutoka huko mbali, mtaa wa pili, wakamsikia Honi akijitahidi kunong'ona kwenye simu:

— Mwambieni Bibi ale!